Shamba la Asiye na Kiwanja

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa jumuiya, Kimisagara, Kigali)



Naingia katika neno nililoombwa kulisema. Wakubwa wa jumuiya walinitaka nizungumze juu ya mapambo ya nyumba na usafi wa uani. Nimelipokea agizo hilo kwa mikono miwili. Lakini nimeona si vyema kusema juu ya maua pasipo kusema juu ya mboga, wala kusema juu ya mboga pasipo kumtaja yule mtu ambaye ndiye wengi wetu hapa: mtu akaaye katika chumba cha kupanga, mlango mmoja na dirisha moja, mbele yake ukingo wa saruji wa hatua tatu, na chini ya ukingo huo paa la jirani yake. Mtu huyu akiambiwa alime, jibu lake ni moja tu: "Sina kiwanja." Hotuba yangu yote ni kumjibu mtu huyo.

Jibu lake lina asili, nasi hatuna budi kuijua. Mji huu wa Kigali ulianzishwa na Mjerumani, Richard Kandt, mwaka 1907. Waislamu walioingia katika zama zile walikuwa askari, makarani, wapagazi na wafanya biashara, watu waliosema Kiswahili na waliotoka pwani, Unyamwezi na Kongo. Walipokuja Wabelgiji kushika utawala, Waislamu waliwekwa katika mitaa yao wenyewe, na hapa Kigali mtaa mashuhuri ni Biryogo. Huko walizaa, walioa na kuolewa na wenyeji, na Wanyarwanda wengi wakaingia katika dini. Lakini riziki yao haikutoka katika shamba. Ilitoka dukani, katika cherehani, katika usukani wa lori na katika mizani ya sokoni. Mtu wa mlimani alikuwa na shamba lake na ng'ombe wake. Mswahili wa mjini alikuwa na bidhaa zake. Basi ikawa kama desturi kwamba jembe ni la wengine, nasi ni watu wa kununua. Zama zile zimepita na sheria zake zimepita, bali desturi huishi kuliko sheria. Hata leo mtoto wetu akiulizwa mboga zatoka wapi, husema: "Nyabugogo."

Naye hasemi uwongo. Kutoka hapa tulipo, ukishuka mteremko wa Kimisagara, wafika Nyabugogo, penye kituo cha mabasi na soko, na mboga za kila namna zashushwa pale. Lakini mboga ya sokoni yataka fedha ya kila siku, na fedha ya kila siku ndiyo isiyopatikana kila siku. Siku ambayo kibarua hakikupatikana, jambo la kwanza kuondoka katika sufuria si wali wala si viazi. Ni majani. Mama husema: leo tutakula viazi na chumvi, mboga kesho. Na kesho husema vivyo hivyo.

Hapa ndipo penye jambo zito, nami naomba mnisikilize vizuri. Uchunguzi wa afya ya taifa uliofanywa Rwanda mwaka 2014 na 2015 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 38 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikutimia kwa umri wao. Uchunguzi wa 2019 na 2020 ulikuta 33. Twashukuru kwamba hesabu ilishuka. Lakini 33 katika 100 ilikuwa karibu theluthi moja ya watoto wa umri huo. Waganga watwambia kwamba udumavu hauji kwa njaa peke yake. Huja pia kwa chakula cha namna moja, kwa maji machafu, na kwa maradhi ya tumbo yasiyokwisha. Mtoto aweza kushiba kila siku na bado mwili wake ukakosa kitu, kama nyumba yenye matofali mengi isiyo na saruji ya kuyaunganisha. Majani mabichi ya rangi ya kijani yana vitamini ya kulinda macho na ngozi, na yana madini ya chuma yanayosaidia damu. Ndiyo sababu serikali ya nchi hii ikahimiza kila nyumba iwe na akarima k'igikoni, yaani bustani ndogo ya jikoni. Nendeni vijijini mtaviona vile vitanda vya mviringo vilivyozungushiwa mawe, ngazi juu ya ngazi, karibu na mlango wa jiko.

Lakini kitanda kile cha mviringo chataka mahali pa kukaa. Huku kwetu mteremkoni, ambako nyumba imepanda juu ya bega la nyumba, pa kukiweka hapana. Basi wengi walipohimizwa walitikisa vichwa, wakasema jambo hili ni la wenye ardhi. Mimi nasema hapana. Mmea haumwulizi mtu hati ya kiwanja. Wataka vitu vinne: udongo, maji, mwanga, na jicho la mwenyewe. Vitu vinne hivi vyaweza kuingia katika gunia, katika dumu lililokatwa, katika beseni lililopasuka, katika debe, katika chungu chenye ufa. Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Nami naongeza kwamba hata asiye na jembe, kijiko cha zamani chatosha.

Wala jambo hili si la kubuni. Liko pahali ambapo watu wamelijaribu katika dhiki kuliko yetu. Huko Nairobi kuna Kibera, mahali ambapo mwanzoni mwa karne ya 20 waliwekwa askari wa Kinubi, Waislamu wenzetu, waliotumikia jeshi la Waingereza. Siku zile palikuwa msitu. Leo ni vibanda vilivyobanana hata mtu hupita ubavu. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, njia zilifungwa na bei ya chakula ikapanda. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités International likaanza kuwagawia watu wa Kibera na vitongoji vingine miche ya kupanda katika magunia. Gunia moja mlangoni, sukuma wiki na spinachi ubavuni mwake pande zote. Watu wasio na hata hatua mbili za ardhi wakachuma mboga kwa mikono yao. Hata mbali sana, katika kisiwa cha Kuba, dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991 na mafuta na mbolea zikakatika, watu wa Havana walijenga vitanda vya udongo juu ya viwanja vilivyotupwa na ardhi isiyofaa kulimwa, wakalisha mji wao mboga. Sikuwataja hawa ili tuwaonee wivu. Nimewataja ili tujue kwamba neno "haiwezekani" lilikwisha kujibiwa.

Sasa nieleze namna ya kufanya, maana mawaidha yasiyo na njia ni kelele.

Chukua gunia la kufumwa, lile la mchele au la makaa, lisilooza upesi. Changanya udongo sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Nasema iliyooza: samadi mbichi huchoma mizizi, tena huleta wadudu na maradhi. Kisha chukua mkopo mkubwa usio na kitako wala kifuniko, uusimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto au mawe madogo. Jaza udongo kuuzunguka mkopo huo. Udongo ukifika usawa wa mkopo, uvute mkopo juu polepole, mawe yabaki yamesimama ndani, kisha ujaze tena mawe na udongo, hivyo hivyo mpaka karibu na mdomo wa gunia. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo njia ya maji. Ukiyamwaga juu, yatashuka kati na kugawanyika mpaka chini; pasipo nguzo hiyo, miche ya juu itazama na ya chini itakufa kwa kiu. Gunia likae siku mbili tatu, udongo ushikane. Kisha toboa matundu ubavuni kwa kisu, shibiri moja baina ya tundu na tundu, yasifuatane kwa mstari mmoja wa kusimama, na ndani ya kila tundu panda mche mmoja. Juu panda mingine. Gunia moja kubwa laweza kuchukua miche 30 au zaidi, nalo halikukalia mahali pakubwa kuliko kiti.

Asiye na gunia ana dumu, ambalo wengi wetu twaliita ijerekani. Dumu la lita 20 likivuja, usilitupe. Likate juu, litoboe matundu kitakoni, uweke kokoto chini kidogo, kisha udongo. Hilo ni nyumba nzuri ya mnyanya mmoja, au mche mmoja wa intoryi, au pilipili. Mpilipili mmoja ulio katika debe huweza kuzaa muda mrefu, na nyumba zote za uani zikachuma humo. Beseni pana lisilo na kina kirefu lafaa vitunguu vya majani, dania na sereri. Karoti yataka kina cha mkono mpaka kiwiko na udongo laini usio na mawe. Kabichi iacheni, huchukua nafasi kubwa na kungojea kwingi, na mwisho wake ni kichwa kimoja.

Mwenye haraka apande dodo. Katika wiki tatu au nne yuko tayari, nawe usimng'oe. Mkate juu, atachipua tena. Mwenye kutaka mboga ya kudumu apande sukuma wiki. Miezi miwili hivi tangu kupanda mbegu utaanza kuchuma, na ukichuma majani ya chini ukaacha moyo wa juu, mmea huo utakupa kwa miezi mingi. Isogi nayo, mboga ya wazee wetu, husitawi katika chombo kidogo, ijapokuwa vijana huilalamikia uchungu wake.

Kabla ya kuweka chombo popote, keti siku moja utazame jua. Linafika ukingoni mwako saa ngapi, na linaondoka saa ngapi? Nyanya, pilipili na intoryi zataka jua la saa sita kwa siku. Majani huridhika na saa tatu au nne. Kwa hiyo aliye upande wa kivuli asikate tamaa. Apande sereri, aache nyanya kwa jirani wa upande wa jua, kisha wabadilishane.

Yapo mambo ya kuhadhari. Usipande chakula katika mkopo uliokuwa na rangi, wala dawa ya wadudu, wala mafuta ya gari, hata ukiuosha mara 70. Sumu haionekani. Mifuko laini ya plastiki ilipigwa marufuku katika nchi hii kwa sheria ya mwaka 2008, wala sisi hatuihitaji. Tope la mfereji wa maji machafu si mbolea, usilitie mkono. Na jambo hili nalisema kwa mkazo: usichimbe udongo katika ukingo wa mteremko. Nyumba zetu zimekaa juu ya mgongo wa mlima. Atoaye ndoo moja ya udongo chini ya ukuta wa mwenziwe ameanza kuchimba handaki ambalo mvua ya Aprili italimaliza. Udongo waweza kuupata kwa mtu anayechimba msingi wa nyumba. Yeye hutafuta pa kuutupa. Na maganda ya ndizi, ya viazi na ya maharagwe, badala ya kwenda jalalani, yatie katika gunia la pembeni pamoja na majani makavu, uyageuze kila wiki. Baada ya miezi mitatu hivi yatakuwa mboji nyeusi, nayo haina bei.

Naja katika maji, maana najua ndiyo swali lililo katika vinywa vya akina mama. Mvua zetu ni mbili: ile kubwa ya Machi mpaka Mei, na ile ya Septemba mpaka Desemba. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi, na katika kiangazi zipo siku bomba halitoi. Nani atachukua maji ya kunywa akaipa sukuma wiki? Hapana mtu. Lakini hebu tufanye hesabu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, naye alikataza israfu ya maji hata kwa mtu aliye kando ya mto. Sisi twafungua bomba na kuliacha likimwaga. Tuseme mtu ametumia lita moja tu kwa udhu mmoja. Nyumba ya watu sita, Sala tano, ni lita 30 kwa siku, yaani dumu moja na nusu linalokwenda mferejini. Gunia moja latosheka na lita 5 hivi katika siku ya jua. Maji yaliyotumika kwa udhu, kama tulivyosoma katika madhehebu yetu ya Shafi, ni safi, ila hayafai tena kutawadhia. Mmea hautawadhi. Basi tawadheni juu ya beseni, na beseni limwagwe katika gunia. Maji ya kuoshea mchele na mboga nayo yafaa. Maji ya sabuni nyingi na ya dawa ya kufanyia nguo nyeupe yasiguse mmea.

Tena mwagilia asubuhi mapema au jioni, si adhuhuri. Na maji yasituame katika sahani au kifuniko chini ya chombo, kwa kuwa mbu hutaga humo, na malaria haichagui nyumba. Angalau mara moja kila wiki vipinduliwe vyote, mayai yasipate nafasi ya kuwa mbu.

Hili la maji lanipeleka katika haki ya jirani, nalo kwangu ndilo lango la jambo lote. Katika Kimisagara hapana mtu asiye juu ya mtu, wala asiye chini ya mtu. Kuta nyingi ni za rukarakara, matofali ya udongo usiochomwa. Yakilowa kila siku hulainika na kuanguka. Kwa hiyo chombo chako kisitiririshe maji juu ya ukuta wa jirani wala juu ya paa lake. Kiinue juu ya mawe mawili, uweke mfereji mdogo upeleke maji penye njia yake. Dumu la lita 20 lililojaa udongo uliolowa lina uzito wa kilo 30 hivi; lisitundikwe juu ya njia wanapopita watoto, wala lisiwekwe ukingoni pasipo kizuizi. Gunia zima lina uzito wa watu wawili. Liwe mahali palipo imara, mbali na ukuta wa kuzuilia udongo. Na kama nyumba ni ya kupanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kuanza. Neno jema la dakika moja huzuia ugomvi wa mwaka.

Mkifanya hivyo, jirani atakuwa mshirika. Mtume alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake, apate kuwakumbuka majirani. Tena alitufundisha kwamba Mwislamu apandapo mti au mmea, kisha akala humo ndege, au mtu, au mnyama, basi hiyo ni sadaka yake. Angalieni, hakusema ni lazima mti uwe katika shamba kubwa. Fungu la kwanza la mboga zako mpelekee aliye chini yako, yule ambaye maji yako yangeweza kumdhuru. Naye atakutazamia gunia lako siku utakapokuwa safarini.

Sasa maua. Wako watu watakaosema: Sheikh, mboga tumekubali, lakini maua ni israfu, mtu hali waridi. Hao nawajibu kwa mambo mawili. La kwanza ni la faida. Boga na tango hazizai vizuri bila nyuki kuchukua unga wa ua dume na kuupeleka kwa ua jike, na nyuki hawaji mahali pasipo maua. Alizeti moja katika debe, au mrehani ulioachwa uchanue, huwaita. Mrehani wenyewe ni ua na ni kiungo na ni manukato, vitu vitatu katika shina moja. La pili ni la heshima. Wazee wetu waliotoka pwani hawakuwa matajiri wote, lakini huko Lamu na Unguja ua wa nyumba haukukosa asumini na mrehani. Jioni akina mama walichuma wakafunga kikuba, wakakivaa, na nyumba ikanukia. Hakuna aliyesema ni israfu. Nyumba ya mpangaji ni nyumba. Watoto wanaokua humo hawafai kudhani kwamba uzuri ni wa wenye mageti na bustani, na kwamba wao fungu lao ni saruji na bati. Debe moja la asumini mlangoni hulisema jambo hilo kila asubuhi pasipo hotuba. Na mgonjwa akizuriwa kwa shada la maua yaliyopandwa na mkono wa mwenye kumzuru, ni tofauti na shada la plastiki lililonunuliwa dukani.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: katika kila vyombo vinne, vitatu viwe vya chakula na kimoja kiwe cha maua. Wala msivitenge. Panda mrehani kando ya nyanya, weka asumini kati ya magunia mawili. Piga magunia na madebe chokaa nyeupe kwa nje, yapange makubwa nyuma na madogo mbele, na ule ukingo wa hatua tatu utakuwa bustani ambayo mpita njia atasimama kuitazama.

Nisije nikawadanganya, niseme na mipaka yake. Gunia halitoi mchele, wala maharagwe ya kutosha, wala mafuta. Halitaondoa haja ya soko. Litatoa majani na viungo, na hayo ndiyo hasa yanayokosekana siku ya uhaba. Wadudu watakuja: wale weusi wadogo wanaokusanyika chini ya majani waoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo tu, au majani yanyunyiziwe majivu haba. Kuku wa jirani watakuja pia. Miche mingine itakufa. Mwenye kupanda mitano ategemee minne, na mwenye kusahau kumwagilia siku tatu za Julai asitegemee hata mmoja. Ndiyo maana nilitaja jicho la mwenyewe katika vile vitu vinne. Maji na udongo mtu aweza kupewa, jicho hawezi kuazimwa.

Lakini faida moja ya chombo ambayo shamba haina, iko hii, nayo ni yetu sisi. Mwenye shamba akihamishwa, huliacha. Mpangaji akihama hubeba kitanda chake, sufuria zake, Msahafu wake, na madebe yake ya mboga. Wengi wetu tumehamahama katika mji huu, kutoka Biryogo mpaka Nyamirambo, kutoka Nyamirambo mpaka huku, wengine wakiondolewa katika mahali pa hatari mteremkoni, wengine wakiongezewa kodi. Kila kuhama kulikuwa kuanza upya. Hapa liko shamba ambalo halianzi upya. Lapakiwa katika mkokoteni asubuhi, na jioni lile lile lachumwa katika nyumba nyingine.

Basi naomba mambo matatu, nami namaliza. La kwanza, kila nyumba iliyosikia maneno haya iwe na chombo kimoja, kimoja tu, kabla mvua za Septemba hazijaanza. Asianze mtu kwa vyombo kumi. Haba na haba hujaza kibaba. La pili, katika madrasa yetu watoto wafanye kitalu cha miche kando ya mahali pa kutawadhia, wakimwagilia kwa maji yale yale, na miche igawiwe bure kwa wajane na kwa wenye watoto wadogo. Mtoto aliyekuza mche kwa mkono wake hatasema tena kwamba mboga zatoka Nyabugogo. La tatu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, vijana wenye nguvu wawabebee wazee udongo na samadi mpaka milangoni kwao, maana ngazi za mlima huu wazijua wenyewe, na mzee hawezi kupanda na gunia mgongoni.

Wazee wetu waliingia mji huu wakiwa hawana ardhi, wakaishi kwa akili na kwa kushikana. Hatukurithi mashamba kwao. Tumerithi akili hiyo na kushikana huko, navyo vyatosha kujaza gunia. Mwenyezi Mungu abariki mikono itakayopanda, na vinywa vitakavyokula, na majirani watakaogawana. Amin.